Nabeba boksi kazini, nyumbani nina maboksi ya uzi

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta viatu vya theluji, nimefungua kabati la korido tu boksi moja likaniangukia begani, mabonge ya uzi yakatawanyika mpaka mlango wa jikoni, basi nikakaa palepale sakafuni nikasema leo nahesabu. Nikahesabu ya kabatini, nikaenda ya uvunguni mwa kitanda, nikakumbuka kuna mfuko kwenye gari na mwingine nyuma ya mashine ya kufulia. Mabonge 187. Na hapo sijagusa vitambaa vya kushonea foronya, kopo la shanga, na seti tatu za rangi za maji, mimi ambaye sijawahi kuchora hata yai.

Mwenzenu niko Columbus, Ohio, mwaka wa 12 huu, natunza wazee usiku. Wabongo wanajua tunavyosema, kubeba boksi, yaani kazi ngumu za ughaibuni. Sasa mie nabeba boksi kazini nikirudi nyumbani nakuta maboksi mengine yananisubiri, na haya hakuna anayenilipa.

Nilipiga hesabu maana nilikuwa na hasira na nafsi yangu. Sweta la mtu mzima linakula kama mabonge manne ya yale makubwa ya gramu karibu 200, na mie nikijitahidi sana namaliza sweta moja kwa mwaka, mengine yanabaki mkono mmoja. Nina miaka 44. Yaani nikianza leo na nisinunue tena hata uzi wa kufungia kifungo, nitamaliza nikiwa na 90. Wafumaji wa huku wanalo hata neno lao la utani kwa hali hii, kwamba umeshakusanya akiba inayozidi siku zako za kuishi, na wanalisema wanacheka kabisa, wanaoneshana picha za mashelfu. Mie nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka, mwaka jana nikaacha kucheka.

Mwaka jana ndo Joann ilifunga. Kwa msioijua, ilikuwa duka kubwa la vitambaa na nyuzi, lilianzia hukuhuku Ohio, Cleveland, mwaka 1943, na mpaka mwanzoni mwa 2025 lilikuwa na matawi kama 800 nchi nzima, likafilisika mara ya pili ndani ya mwaka mmoja na kufika mwisho wa Mei wakawa wamefunga yote. Bei zikawa zinashuka kila wiki. Nilienda mara tatu. Mara ya kwanza nilisema naenda kuaga tu. Mara ya tatu duka lilikuwa kama nyumba iliyohamwa, mpaka mashelfu yana bei, wamama wanasukuma vitoroli vimejaa na wengine wanalia kweli machozi, na mimi nimo, nimeshika bonge la rangi ya haradali ambalo silipendi ila lilikuwa moja tu limebaki nikalionea huruma. Unaonea huruma bonge la uzi jamani! Wiki ileile binamu yangu alikuwa ameniomba nimwongezee ada ya chuo na nilimjibu mwezi huu mbaya mdogo wangu, nivumilie. Sikumdanganya, mwezi ulikuwa mbaya. Ila mifuko ilikuwa kwenye siti ya mbele ya gari na nilikuwa nimeifunga mkanda.

Nyie mliokulia Tanga, au popote Uswahilini, mnajua sisi tulijifunza kufuma na nini. Mie nimekulia Ngamiani, zile barabara zenye namba, na sindano ya kufumia tulikuwa tunatengeneza kwa spoku ya baiskeli, na Tanga baiskeli hazijawahi kuwa shida. Unaiiba kwenye gurudumu bovu la mjomba, unainoa kwenye sakafu ya saruji mpaka ncha inakaa sawa, unaipinda kidogo kwa koleo unapata kandoano. Uzi je? Uzi tulikuwa tunanunua sweta la mitumba, lile kubwa kabisa lisilovalika, tunalifumua. Mmoja anavuta, mwingine anazungusha kwenye viwiko vya mwenzie, uzi unatoka umejikunja kama tambi, unaufua, unauning'iniza na jiwe unyooke. Sweta moja lilikuwa linatoa vitambaa vya makochi nusu seti. Na kwa vile ule uzi ulikuwa mmoja tu, ulikuwa unaukokotoa kabla hujaanza, hapa utaishia, hapa tutachanganya na mweupe. Sasa nawaza yale masweta yalikuwa yanatoka hukuhuku, labda mengine yalifumwa na bibi wa Ohio, yakafika mnadani kwetu tukayafumua, na leo nimekuja kwao nanunua uzi mpya niuweke kabatini. Mzunguko wa ajabu huu.

Lakini sitaki nidanganye mtu kwamba nyumbani hatulimbikizi. Nani hajakua na kabati la glasi za wageni ambazo mgeni wake hajazaliwa bado? Marehemu bibi alikuwa na sanduku la khanga, ukilifungua harufu ya naftalini inakupiga usoni, doti kwa doti na karatasi za dukani hazijatolewa. Ukimuuliza hii vipi bibi, anakwambia hii ya arusi ya fulani ikifika, hii ya wifi yako akijifungua, hii nikienda msibani Pangani. Kila doti ina safari yake. Uvunguni alikuwa na ukili, ameusuka akauviringisha, ameupima kwa pima, anajua zimebaki pima ngapi mkeka utimie na mkeka ni wa nani. Akiba ilikuwa kubwa kuliko yangu ukiangalia, ila ilikuwa na majina ya watu. Mie bonge langu la haradali halina jina la mtu.

Sasa hapa ndo penye hoja yangu na najua wengine mtanipinga. Watu wa huku wakijisikia vibaya kuhusu vitu wanaambiana acha kununua, panga, weka makopo ya plastiki yenye vifuniko, piga lebo. Nimefanya yote. Makopo ya plastiki yenyewe yakawa mzigo mwingine. Mie naona kununua siyo ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ni kwamba huku hakuna anayekuomba. Kwetu uzi ukikaa mezani siku nne, Mama fulani anapita barazani anaona, anakwambia huo mwekundu hujaumaliza tu, hebu nipe mie nimalizie kitambaa changu. Utanuna, utasema nina kazi nao, atakwambia kazi gani na tangu Ijumaa uko hapohapo, na utampa maana juzi umekula kwake. Yale macho ya jirani ndo yalikuwa yanapanga kabati. Hakuna mtu aliyekuwa na vya ziada vya siri kwa sababu hapakuwa na siri. Huku nina kabati lenye mlango, ndani ya nyumba yenye mlango, kwenye jengo lenye mlango unaofunguka kwa namba, nani atauona uzi wangu aniombe?

Na ndiyo, najua kuombwa kunachosha, msije mkaniambia nimesahau. Mkasi wangu mzuri wa kukatia nguo uliazimwa siku moja ukarudi umekatia bati, na sikusema kitu kwa sababu aliyeuazima alikuwa mtu mzima. Nilipofika huku miaka miwili ya kwanza nilifurahi sana kwamba kitu changu kinakaa nilipokiweka. Nilikuwa naamka asubuhi nakuta mkasi wangu mahali pake nafurahi kama mjinga.

Mtaniambia si utume nyumbani. Nilituma! Mwaka juzi nimejaza boksi, nikalipia nafasi kwenye kontena la watu tunaochangia, likasafiri miezi ile ya kusafiri, likafika. Mamdogo akanitumia vois ya dakika nne, dakika tatu dua na shukrani, ya nne ndo ujumbe wenyewe: "Lakini mwanangu, hii sufu umetaka nimfumie nani Tanga hii? Mwezi wa pili huu hata shuka hatujifuniki." Mie huku nje kuna theluji nimesahau kabisa joto la Februari la nyumbani, nimetuma sufu pwani. Akasema basi atampelekea mama mmoja Lushoto ana mashine ya kufumia masweta ya wanafunzi, kule baridi ipo. Nikafurahi, nikajiona nimetatua, nikaanza hata kufikiria boksi la pili.

Majibu ya Lushoto yalichelewa, alafu yakaja. Yule mama anashukuru sana, ila sweta la shule linataka rangi moja, kijani au bluu, na ndani ya boksi zima hakuna rangi iliyofika sweta moja. Bonge moja la hii, mawili ya ile, hili linaanza na pinki linaishia zambarau. Akauliza, na mamdogo akanifikishia swali kama lilivyo bila kulipunguza makali, "Kwani huko mnauziwa bonge mojamoja?" Hapana mama, hatuuziwi mojamoja, ni mie ndo nanunua mojamoja, nanunua rangi, sinunui sweta. Natoka shifti saa moja asubuhi, miguu inawaka, naona rangi inayong'aa naichukua kwa sababu nimekaa usiku kucha kwenye korido za rangi ya maziwa. Hilo ningemuelezaje mtu wa Lushoto ambaye akifungua dirisha anaona milima ya Usambara. Akafuma kofia na soksi za vichanga, za mistari. Picha nilitumiwa, watoto wamependeza ajabu, vile vimistari hata sokoni huvipati. Na bado sikujisikia nimetubu, nilijisikia kama mtu aliyetupa takataka zake mbali na zikaangukia kwa mtu hodari.

Sasa niwasimulie kilichotokea Jumamosi maana ndo kilichonifanya niandike.

Ghorofa ya chini yetu wamehamia Wakongo, familia kubwa, mama mchangamfu tunasalimiana kwenye ngazi. Jumamosi nilikuwa natoa yale maboksi niyahamishie stoo ya chini, hee, nikakutana naye, akachungulia bila haya kabisa kama tulivyolelewa, akasema, "Dada, ile uzi yote utafanya nayo nini? Unipatie kidogo nifumie mtoto."

Miaka 12 nasubiri mtu aniulize hivyo. Na nimewaandikia hapo juu maneno mengi ya kuombwa na macho ya jirani. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Ah, nina mpango nayo."

Ilitoka yenyewe, na kwa sauti ile ya upole ya kazini ninayowaambia ndugu wa wagonjwa kwamba muda wa kutembelea umekwisha. Yeye wala hakukasirika, akasema sawa dada, akapanda zake ngazi. Nilibaki nimekumbatia boksi. Mpango gani? Nilivyorudi ndani nikawa natembea chumbani najisemesha mwenyewe, nikamsikia Mama fulani wa barazani kwetu, mpango gani na tangu 2019 uko hapohapo.

Jioni nikachagua mabonge sita, laini, ya mtoto. Nikatoa mawili nikayarudisha. Nikajiona mjinga nikaongeza manne, yakawa manane, nikatia na ile sindano nzuri ya mbao, nikashuka nayo. Alinikaribisha ndani, nikala fufu na sombe, mtoto wake amekaa mapajani kwangu anavuta uzi, na kabla sijaondoka ameshaniuliza na kuhusu vile vitambaa, alikuwa ameviona pia. Nikamwambia aje achague mwenyewe.

La haradali nimempa. Lile la kijani cha majani ya mgomba nimelibakiza. Lile kweli nina mpango nalo.