Mawaridi ya Kamati

Mkazi wa Kaunti ya Nakuru anayetoa pesa mfukoni kununua waridi ni kama mvuvi wa Kisumu anayekula samaki wa mkebe. Kando ya Ziwa Naivasha, ndani ya kaunti hii hii yetu, mawaridi hukatwa, hupozwa katika vyumba vya baridi, hupakiwa malorini hadi Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, na mengi yake huishia katika mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, ambako hununuliwa na watu wasiojua hata Gilgil iko upande gani. Ndiyo maana kamati ya kanisa letu dogo, lililo upande wa Lanet, ilipokaa kujadili safu ya mawaridi kando ya seng'enge, na mwenyekiti akatusomea bei ya miche aliyoulizia barabarani, mimi nikiwa mweka hazina nilisimama na kutamka kwamba hakuna shilingi ya waumini itakayotumika kununua kitu ambacho kinaweza kuoteshwa bure kwa vitu vya jikoni.

Sikuwa ninabahatisha. Kwa muda mrefu nilikuwa nikifuatilia ustadi wa kuotesha mawaridi kwa vipandikizi, nami nikaieleza kamati kwa mpangilio unaostahili. Huchukuliwa tawi lililokomaa kiasi, lenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 15 hadi 20, likakatwa mshazari chini kidogo ya kifundo. Majani yote huondolewa isipokuwa machache ya juu, kisha kipandikizi hufunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako ili unyevu usitoroke. Mashamba makubwa huchovya ncha ya chini katika unga wenye homoni, lakini mtu wa nyumbani hutumia asali, mdalasini na utomvu wa mshubiri, na mwisho wa yote, hapa ndipo nilipopandisha sauti, huchukua kiazi. Kiazi hutobolewa tundu, kipandikizi kikachomekwa humo, na vyote viwili vikazikwa pamoja. Kipandikizi kisicho na mizizi hufa upesi kwa kiu, na kiazi sehemu yake kubwa ni maji. Hoja hiyo naipenda hadi leo.

Mama mmoja mzaliwa wa Molo, ambaye katika mikutano yetu yote hufuma sweta na kusema kwa nadra, aliinua macho akauliza, "Mzee, hicho kiazi kitachemshwa kwanza, ama kitatolewa macho?" Nilimjibu kwa upole kwamba tunapanda, hatupiki. Wajumbe wakacheka, mama akarudia sweta lake, na katibu, ambaye huandika kila kitu hata kikohozi, akaandika.

Vipandikizi havikuwa tatizo. Kulikuwa na harusi kanisani, na mawaridi yake yalibaki madhabahuni kwa wiki nzima hadi maji ya vyungu yakaanza kunuka. Badala ya kuyatupa nikayakata vichwa, nikabaki na mashina marefu, yaliyonyooka, yenye sura ya heshima. Ni kweli kwamba ncha zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Nikazipunguza.

Kwa uangalifu wangu wa kawaida nikampigia simu mpwa wangu anayefanya kazi katika mabanda ya plastiki ya maua huko Naivasha. Kijana huyo hana subira. "Mjomba," akaniambia, "hayo ni maua ya kuuzwa, tena yamekaa kwenye maji machafu wiki nzima. Huku tunachukua waridi zuri tunaliunganisha juu ya shina la waridi jingine gumu lenye mizizi mizuri, kisha tunaliweka katika ukungu wa maji mpaka vishikane. Hiyo asali inaua viini, na mdalasini unazuia kuvu, lakini hakuna hata kimoja kinachouamuru mti uote mizizi." Nilimsikiliza hadi mwisho. Kijana anayelipwa mshahara na mashamba ya maua hawezi kumfundisha mtu kuotesha maua bila gharama. Nilimwelewa, na nikamsamehe.

Vifaa vilitoka jikoni kwangu, mke wangu akiwa kwenye mkutano wa chama. Asali ilikuwa ya Baringo, nzito na nyeusi, ambayo yeye huihifadhi kwa ajili ya kikohozi cha wajukuu. Mshubiri niliukata karibu na lango, ule ambao huwatilia kuku ndani ya maji wanapougua. Mdalasini haukuwepo peke yake, lakini ulikuwemo ndani ya masala ya chai, ukiwa umeandamana na tangawizi, iliki, karafuu na pilipili manga, na mimi sikuona sababu ya kuutenga na wenzake. Mchungaji alipopita wakati tukipanda, alisimama, akavuta pumzi, akasema kwamba ghafla ametamani andazi.

Viazi navyo vilikuwa Shangi kutoka gunia la Molo. Msomaji wa maeneo haya hahitaji kuelezwa Shangi ni kiazi gani, kwa kuwa ndicho anachokula kila akinunua chipsi mjini. Lakini kwa faida ya walio mbali niseme kwamba ni kiazi kinachopendwa na wakulima kwa sababu hukomaa haraka, na hulalamikiwa na wafanyabiashara kwa sababu hakijui kulala. Aina nyingine zikishavunwa hutulia kwa miezi kabla ya kuchipua, ilhali Shangi huchipua ndani ya wiki chache, hata gizani, hata ndani ya gunia lililofungwa. Nilipovitoa guniani macho yake yalikuwa tayari yametokeza. Niliona huo ni uhai, na kwamba uhai huo ungeambukiza mawaridi.

Tulipanda masika yalipoanza, nikisaidiwa na vijana wa kanisa. Udongo wa Nakuru unatokana na majivu ya volkano, mwepesi na usiotuamisha maji, na yeyote anayekaa chini ya Mlima Menengai anajua kwamba mvua ikiukuta hapana haja ya kubembeleza mmea. Kuhusu sisimizi waliofuata asali usiku wa kwanza wakajenga barabara kuu kutoka lango la kanisa hadi kwenye mawaridi sitasema mengi, isipokuwa kwamba walikula asali yote na kuacha masala.

Kisha majani yakatoka.

Hapa naomba nisomwe polepole, kwa kuwa watu wamenisimulia vibaya katika sehemu hii. Mimi si mtu wa kudanganywa na jani. Mpwa wangu alikuwa amenionya kwamba kipandikizi cha waridi huweza kutoa majani kwa kutumia chakula kilichobaki ndani ya shina, bila kuwa na mzizi hata mmoja, na kwamba mwenye pupa hushangilia, kisha kila kitu hunyauka. Kwa hiyo sikushangilia. Nilifanya vipimo. Kwanza nilivuta shina taratibu kwa vidole viwili, kama wataalamu wanavyoelekeza, kwa kuwa kipandikizi kisicho na mizizi huchomoka na chenye mizizi hukaza; nalo likakaza, likakaza kweli kweli, kama lililoshikwa na mtu chini. Pili, nilichunguza mahali majani yalipotokea, nikaona hayatoki juu ya shina bali ardhini kando yake, jambo ambalo ni la kawaida kabisa kwa mawaridi, maana hutoa machipukizi kutoka chini. Tatu, nilihesabu. Jani la waridi limegawanyika katika vijani, aghalabu vitano au saba. Nilipata saba.

Mke wangu alikuja Jumapili moja, akainama, akatazama, kisha akaniuliza, "Baba, mbona mawaridi yako yanafanana na yale yaliyo kwenye gunia langu?" Nikamweleza kwamba mimea yote michanga hufanana machoni pa mtu asiye na subira. Akasema ndiyo, kisha akaniuliza kama nimeona mkebe wa masala.

Jambo lililozungumzwa zaidi na waumini lilikuwa miiba, ambayo ilichelewa. Mzee mmoja alipitisha kiganja chake juu ya mmea mzima bila kuchomwa, akadai hiyo ni dalili mbaya. Nilimjulisha kwamba yako mawaridi yasiyo na miiba, kwa mfano Zéphirine Drouhin, waridi la Kifaransa lililotolewa mwaka 1868, ambalo mashina yake ni laini karibu kabisa. Mzee akauliza kama Mfaransa huyo ndiye aliyefunga ndoa hapa kanisani. Kuna watu ambao kujadiliana nao ni kupoteza mchana.

Mimea ilinenepa. Ilizisukuma chupa ikazitupa kando, ikafika magotini, na katikati ya kila kichaka shina langu la asili lilibaki limesimama, jembamba na jeusi, likinukia iliki kwa mbali kila mvua ilipoliosha. Halafu siku moja nikakuta maua. Yalikuwa maua halisi, ya pinki, yenye katikati ya manjano. Kwamba yalikuwa madogo sikuona ajabu, kwa kuwa waridi la mwituni lina petali tano tu na hakuna anayelidharau. Jumapili hiyo, wakati wa matangazo, nilisimama mbele ya kanisa zima na kusema kwamba mawaridi ya kamati yamechanua bila kuligharimu kanisa shilingi moja, na kwamba baada ya ibada wote wanakaribishwa kuyaona.

Walikuja wote. Kwaya ilikuja na sare zake. Watoto wa shule ya Jumapili walipangwa mbele. Mchungaji alikuwa ameanza kusema neno fupi kuhusu maua ya kondeni na fahari ya Sulemani, na alikuwa akilisema vizuri, pale yule mama wa Molo alipompa jirani yake Biblia amshikie, akapiga magoti kando ya mmea wa kwanza, akasugua jani kati ya vidole, akalinusa, kisha akaingiza mkono udongoni hadi kwenye kifundo cha mkono, bila haraka, kwa ujuzi wa mtu ambaye amefanya hivyo tangu utotoni. Alipoutoa, kiganjani mwake mlikuwa na viazi vidogo, vyeupe, vinavyong'aa, vyenye ngozi nyororo.

"Mzee," akaniambia kwa huzuni ya kweli, "si ungenieleza mapema? Ningekuletea mbolea."

Sauti iliyofuata ilianzia kwa kina mama, ikapita katika kwaya, na ilipowafikia watoto haikuwezekana tena kuizuia. Mchungaji aligeukia seng'enge akakaa hivyo kwa muda mrefu, mabega yake yakitikisika. Baadaye aliniambia kwamba alikuwa akiomba. Mama wa Molo alichomoa shina langu jeusi kutoka katikati ya kichaka, nalo likaja na kipande cha kiazi kikuukuu kilichokuwa kimekwisha kunywea, ambacho ndicho kilicholishikilia kwa nguvu siku zote nilipolivuta. Kwenye ncha ya shina hapakuwa na mzizi hata mmoja. Palikuwa na karafuu.

Nilisema pale pale, na ninasema tena, kwamba niliahidi maua na maua yalikuwepo. Kwamba chini yake kulikuwa na kitu kingine si pungufu bali nyongeza. Mpwa wangu, nilipompigia, alicheka hadi akakata simu, kisha akanitumia ujumbe wa kuuliza kama kilo nitauza kwa bei gani.

Kamati ilikutana wiki iliyofuata, na kwa kuwa katibu wetu ni mtu wa kuandika kila kitu, kumbukumbu za kikao hicho zipo, zimetiwa sahihi, nami nanakili kama zilivyo: "Mawaridi. Mweka hazina aliripoti kwamba mawaridi yanaendelea vizuri. Kamati ilimpongeza, ikaagiza yapaliliwe, yapandishiwe udongo, yanyunyiziwe dawa ya bakajani kabla ya mvua kuzidi, na yavunwe majani yakikauka. Mjumbe kutoka Molo alijitolea kuongoza kazi hiyo. Kamati ilipokea pia barua ya mke wa mweka hazina, akidai kurudishiwa gharama ya viazi, asali na masala ya chai. Mweka hazina aliombwa kutoka nje suala hilo likijadiliwa."