Pampu ya maji ya kioo, fungua mwenyewe

Nikikuta gari limesimama pembeni na dereva anamwagia kioo maji ya kunywa, najua kilichomsibu: pampu ya maji ya kioo imekufa. Nimekuwa dereva huyo miezi minne. Chupa yangu ya lita moja na nusu ilikuwa na makazi yake chini ya kiti cha mbele, na kila abiria aliyepanda alidhani nimemkaribisha kinywaji.

Kilichonitoa huko ni jua. Anayetoka Tanga mjini jioni kuelekea Segera analijua jua lile, linakuja usoni bila simile. Siku hiyo kulikuwa na manyunyu, yale ya kulowesha vumbi tu, na mbele yangu lori la saruji lililoingia barabarani pale Pongwe. Likanirushia tope. Nikawasha waipa. Waipa kavu juu ya tope haisafishi, inapaka, na jua lilipopiga juu ya upako ule kioo kizima kikawa cheupe kama shuka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula zaidi ya mita 22 kila sekunde. Nilitoa kichwa dirishani kama konda, nikasogea pembeni, nikazima gari nikakaa kimya. Chupa ilikuwepo chini ya kiti, lakini nani atamwaga chupa kwenye kioo huku anaendesha?

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema pampu ile ni urembo wa gari. Honi ikifa tunatafuta fundi siku hiyo hiyo. Maji ya kioo yakikata tunanunua chupa. Sisi wa pwani ndio tungepaswa kuwa wakali zaidi, maana ukilaza gari karibu na bahari, asubuhi kioo kina ukungu wa chumvi unaonata, na ukiupangusa kwa kitambaa kikavu ndiyo umeusambaza.

Nilikwenda gereji kwanza, sikatai. Fundi akainama, akabonyeza, akasema bampa lazima lishuke na tangi libadilishwe pamoja na pampu yake. Elfu 90. Simwiti mwizi. Kazi ya nusu saa haimlishi mtu mwenye foleni ya injini mbovu, kwa hiyo akiikuza naelewa. Ila nilimwambia nitarudi, na sikurudi.

Kitu chenyewe ni mota ndogo ya volti 12, haizidi kidole gumba cha mtu mnene, imechomekwa kwenye raba chini ya tangi la maji. Ukivuta mkono wa waipa, inazunguka na kusukuma maji kwenye mpira hadi kwenye nozeli za boneti. Basi. Hakuna zaidi.

Kabla ya kununua chochote, sikiliza. Washa swichi, injini ikiwa imezimwa, mwenzako avute mkono wa waipa huku wewe umetega sikio karibu na tangi. Ikinguruma na maji hayatoki, usiilaumu mota haraka: tazama kama tangi lina maji, mpira haujachomoka, nozeli hazijaziba. Maji ya kisima ya mitaa yetu yana chumvi, yakikauka kwenye tundu lile dogo yanaacha ukoko, na sindano ya cherehani inatosha kuuondoa. (Na tafadhali, sabuni ya unga si ya kutia humo. Najua jamaa wanaotia.) Ikiwa kimya kabisa, anza na fyuzi, kisha plagi ya pampu. Yangu niliikuta na kutu ya kijani kwenye pini. Niliisugua kwa msasa mwembamba nikidhani nimemaliza kazi bure. Kimya. Nikaichomoa mota, nikaipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili. Kimya. Hapo ndipo nilipoamini imekufa, nikaenda Ngamiani nayo mfukoni, nikanunua ya mtumba kwa elfu 15. Nenda nayo mkononi, nakusihi. Kuna za mdomo mmoja na za midomo miwili, na ukimtajia muuzaji aina ya gari tu anaweza kukupa inayofanana na yako lakini siyo.

Na kuichomoa ile ya zamani, bampa halikushuka. Nilikata usukani hadi mwisho ili tairi ligeuke linipe nafasi, nikafungua skrubu mbili na vibanio vya plastiki vya kifuniko cha ndani ya madigadi, nikakikunja pembeni. Tangi hilo hapo. Weka beseni chini kwanza. Mimi sikuweka, na maji ya miezi minne, yenye harufu ya bwawa, yakanishukia mkononi hadi kwapani.

Mzee wa jirani alikuwa barazani na kahawa yake. "Mwanangu, umeanza lini ufundi?"

"Leo, mzee wangu."

"Haya. Na raba ya zamani utairudisha ile ile?"

Nilikuwa nairudisha ile ile. Imekauka, ina ufa upande mmoja, na nikaidharau. Nilichomeka pampu mpya, nikajaza maji, nikavuta mkono wa waipa, zikatoka kamba mbili za maji safi kabisa, nikapiga kelele kama mtoto. Asubuhi tangi lilikuwa tupu na chini ya gari kuna dimbwi. Nikafungua tena vyote, raba mpya, sabuni kidogo ya maji kwenye ukingo wake ili pampu iteleze na kukaa vizuri. Mzee hakusema neno. Alikunywa kahawa yake.

Jambo moja ambalo muuzaji wa spea alinisisitizia: usiijaribu bila maji. Mota ile hutegemea maji yanayopita ndani yake, ukiizungusha kavu unaichosha siku ya kwanza. Jaza, ndipo ubonyeze.

Hesabu yangu basi: elfu 15 ya pampu, elfu 2 ya raba, asubuhi mbili ambazo ingekuwa moja kama ningemsikia mzee. Gereji bado naenda. Breki sigusi, usukani sigusi, na anayejifunzia ufundi kwenye breki tusipande naye. Lakini kitu ambacho ukikikosea kinakulowesha mkono tu, kwa nini ukiogope?

Nozeli ya kulia bado inarusha juu mno. Ijumaa iliyopita iliruka paa la gari ikamkuta mzee ndani ya kanzu, njiani kwenda msikitini. Nimeishusha kwa sindano. Vibanio viwili vilivunjika, nimefunga kwa waya, na nikipita matuta kifuniko kinagonga tairi kidogo. Jumamosi nakwenda kutafuta vibanio.