Bartle Frere: herufi za Wasindhi na mizinga ya Karachi

Ukipita Kengeleni, Mombasa, unaiona kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa 1875. Pwani yetu inamkumbuka Bartle Frere, ofisa wa Kiingereza, kwa hilo, na kwa safari yake ya Unguja mwaka 1873 alipokuja kumbana Sultani Barghash afunge biashara ya watumwa. Lakini sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa India, na huko ndiko kwenye mizani yake hasa.

Mwaka 1848 mtawala wa Satara, dola ndogo ya magharibi mwa India, alifariki bila kuacha mtoto wa kuzaa. Frere, mwakilishi wa Waingereza pale, alishauri mtoto wa kupanga arithi kiti. Wakubwa wake wakakataa, wakaitwaa nchi, naye akakubali kuiongoza kwa niaba yao. Watetezi wake watasema afadhali yeye aliyeijua haki. Mimi naona ujuzi huo ndio unaomlemea zaidi.

Alipopewa kuongoza Sindh, ambayo leo ni jimbo la Pakistan lenye jiji la Karachi, alifanya makubwa. Mwaka 1852 alianzisha stempu za posta, za kwanza Asia. Zile nyekundu, za lakiri, zilikuwa zikipasuka vipande mkononi. Kubwa zaidi ni lugha. Aliwataka maofisa wajue Kisindhi, na mwaka 1853 kikapata mwandiko rasmi wa herufi 52 zenye asili ya Kiarabu. Sisi ambao Kiswahili chetu kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamishiwa za Kirumi, tunajua uzito wa uamuzi kama huo. Ni kweli, serikali ilihitaji makarani, na wafanyabiashara wa Kihindu walikuwa na maandishi yao yaliyoachwa kando. Hata hivyo, Kisindhi kiliingia ofisini na shuleni, na mpaka leo magazeti ya Sindh yanachapwa kwa herufi hizo. Hilo simnyimi.

Ila Septemba 1857, chini ya utawala wake huohuo, njama ya uasi ya askari wa Kihindi iligunduliwa Karachi. Baadhi yao walinyongwa; wengine walifungwa kwenye midomo ya mizinga, wakalipuliwa hadharani. Inasimuliwa kwamba mahali walipouawa ndipo baadaye Waingereza walipojenga soko, wakaliita kwa heshima ya Malkia Victoria: Empress Market.