Umeme wa miguu: kibaba gani?

Aliyewahi kuendesha baiskeli ya Phoenix usiku anaijua dainamo. Ukiibonyeza ikagusa tairi, pedali zinakuwa nzito papo hapo, na taa inafuata miguu yako: ukipanda mlima inafifia, ukisimama ni giza. Wati 3 tu hizo, na jasho unaliona.

Ndiyo maana mjadala wa kuvuna umeme kwenye mwendo wa mwili huishia kwenye kubezana. Watetezi wanaonyesha vigae vya kampuni ya Pavegen ya Uingereza, vinavyobonyea ukivikanyaga. Viliwekwa kwenye njia ya kituo cha West Ham wakati wa Olimpiki ya London 2012, kisha chini ya uwanja wa mpira wa Morro da Mineira, Rio, mwaka 2014 (uwanja huo ulikuwa na paneli za jua pia, jambo linalosahaulika picha zinaposambazwa). Haba na haba hujaza kibaba, wanasema.

Wanaocheka wana hesabu yao. Mtu wa kilo 70 akikanyaga kigae kikabonyea milimita 5, anatoa jouli 3 na nusu hivi, hata kama hakuna kinachopotea njiani. Betri ya simu ya wati-saa 15 inataka jouli 54,000. Gawanya mwenyewe: zaidi ya hatua 15,000 kwa simu moja! Paneli ndogo ya wati 10 inamaliza kazi hiyo kwa saa mbili za jua kali, na haili ugali. Mwaka 2008 mtafiti Max Donelan na wenzake, Kanada, walitengeneza kifaa cha gotini kinachochota nguvu pale misuli inapoufunga mguu breki mwishoni mwa hatua. Walipata wati 5 hivi. Kazi safi, ila kila goti lilibeba kilo 1.6.

Kwa hiyo simu na taa za barabarani tuwaachie wenye jua. Kinachonisikitisha ni kwamba kicheko hicho kinazoa hata pasipostahili, kwa sababu pande zote mbili zimeshika kibaba kikubwa mno. Betri ya moyo, yaani kifaa kinachowekwa chini ya ngozi kuuongoza moyo udunde sawasawa (pacemaker), inahitaji takriban sehemu kumi za milioni za wati moja. Wati 3 za ile dainamo zingetosha betri za moyo laki tatu.

Na betri ya moyo, kama zinazowekwa pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili, haichajiwi. Hudumu miaka 7 hadi 10, nyingine zaidi. Ikiisha, ngozi chini ya mtulinga inapasuliwa tena, kifaa kinatolewa, kipya kinaingia. Aliyewekewa akiwa na miaka 30 atapasuliwa mara ngapi? Nne? Tano? Kila mara kuna hatari ya kidonda kupata maambukizi, nauli ya kutoka mkoani, na ndugu wa kuacha shamba aje kuuguza. Hili vichekesho vya vigae havilitaji kabisa.

Mwaka 2014 watafiti Canan Dagdeviren, John Rogers na wenzao walibandika utando mwembamba kwenye mioyo ya ng'ombe, kondoo na nguruwe, ukatoa umeme kwa kila pigo. Mwaka 2019 timu ya Zhou Li, China, iliendesha betri ya moyo ndani ya nguruwe kwa nguvu ya moyo wake mwenyewe, ikarekebisha mapigo yaliyoharibika.

Kwa binadamu bado. Utando wa 2014 una madini ya risasi ndani yake, na watengenezaji wa betri za moyo watakuambia ni rahisi zaidi kurefusha maisha ya betri walizonazo. Huenda wakashinda mbio hizo. Lakini hatua 15,000 ni mwendo wa saa mbili na zaidi kwa miguu, ilhali moyo unadunda mara laki moja hivi kwa siku, mwenyewe amelala kitandani.