Kila Ikitajwa Suspiria, Matusi

Kinachonikera si watu kutofautiana kuhusu Suspiria, filamu ya kutisha iliyotengenezwa mara mbili. Kinachonikera ni namna wanavyobishana. Ukisema umeipenda ile ya mwongozaji Luca Guadagnino ya 2018, unaambiwa hujui filamu za kutisha. Ukisema unaipenda ya kwanza, ya Dario Argento ya 1977, unaambiwa umeganda kwenye mambo ya kale. Basi, mjadala umekwisha, yanabaki matusi.

Jamani, hizi ni filamu mbili tofauti! Zote zina msichana wa Kimarekani anayejiunga na shule ya dansi Ujerumani inayoendeshwa na wachawi, lakini kufanana kwingi kunaishia hapo. Argento alitisha kwa rangi kali na muziki wa bendi ya Goblin. Hadithi yenyewe hakuihangaikia sana. Guadagnino akazififisha rangi, akaihamishia Berlin iliyogawanywa na ukuta, akaingiza hatia ya Wajerumani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na dansi yenyewe ikawa uchawi: msichana anacheza chumba kimoja, mwenzake anavunjika mifupa chumba kingine. Filamu yake ni ndefu, dakika 152, na aliyechoka katikati ana haki ya kusema amechoka. Mimi pia naona ile damu ya mwishoni imezidi.

Lakini sema hivyo! Taja tukio, taja kilichokuchosha. "Ya zamani ni bora" peke yake si hoja, hasa ikitoka kwa mtu ambaye, ukimbana, anakiri kwamba hiyo mpya hajaitazama hata nusu saa.