Mikono ya Joey Dunlop

Mwaka 2024 Michael Dunlop alishinda mbio yake ya 27 ya TT, zile mbio za pikipiki za barabarani katika Kisiwa cha Man, akaipita rekodi ya ushindi 26 aliyoiacha baba yake mkubwa, Joey. Nilifurahi sana. Kilichoniuma ni wale walioanza kusema kwamba Joey sasa amepitwa, kana kwamba mtu anaweza kuhesabiwa kwa vikombe.

Ni kweli alikuwa bingwa. Mtu wa Ballymoney, Ireland ya Kaskazini, alitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki wa TT Formula One mara tano mfululizo, 1982 hadi 1986, akiwa na Honda. Ila mimi namkumbuka kwanza kama fundi. Zile pikipiki ndogo za cc 125 na 250 alizifungua na kuzifunga kwa mikono yake.

Na tuelewane, kazi hiyo si ya kubadilisha plagi tu. Mzunguko mmoja wa TT ni zaidi ya kilomita 60 za barabara ya kawaida, unaopanda mlima Snaefell kutoka karibu na usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 400. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, iliyosetiwa vizuri bondeni inamwaga petroli kupita kiasi mlimani, injini inakuwa nzito. Ukisema uibane petroli, ukirudi chini pistoni inaweza kupata moto na kung'ang'ania ndani ya silinda, nawe uko kasi kubwa katikati ya kuta za mawe. Fundi lazima achague pa kupoteza kidogo. Joey alichagua mwenyewe, kisha akapanda juu ya uamuzi wake na kuusikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Wangapi wanaweza hivyo?

Juni 2000, akiwa na miaka 48, alishinda mbio tatu katika wiki moja ya TT. Mbili kati ya hizo zilikuwa za 125 na 250.

Hata wema wake ulikuwa wa mikono. Alijaza gari chakula na nguo, akashika usukani mwenyewe hadi kwa watoto yatima wa Romania na Bosnia. Nishani ya heshima ya Uingereza, OBE, aliyopewa 1996 ilikuwa kwa kazi hiyo.

Tarehe 2 Julai 2000, katika mbio huko Tallinn, Estonia, barabara ikiwa imelowa mvua, pikipiki ya 125 ilimshinda akagonga miti. Akafa papo hapo.

Sanamu yake pale Bungalow, kando ya njia ya TT kwenye Snaefell, imempandisha juu ya Honda. Ni nzuri, naiheshimu. Kama ningeulizwa mimi, ningeomba achongwe amechuchumaa kando ya injini ile ndogo, spana mkononi.