Mfamasia akikataa, nani aendeshe gari?

Januari 2019, mwanamke mmoja wa McGregor, mji mdogo wa kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, wenye wakazi mia chache tu, alikuwa na cheti cha daktari na siku tano za kukitumia. Kondomu ilikuwa imepasuka. Daktari alimwandikia ella, kidonge kimoja chenye ulipristal ambacho huzuia mimba kikimezwa ndani ya saa 120. Mfamasia wa duka la dawa la hapo mjini akamwambia hawezi kumpa, imani yake haimruhusu. Kesho yake mwenzake angekuwa zamu, lakini hakuweza kumhakikishia kwamba huyo naye angekubali, na theluji nyingi ilikuwa imetabiriwa. Mwishowe mwanamke huyo aliendesha gari katika theluji hadi Brainerd, kiasi cha kilomita 80 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi.

Dawa aliipata. Anayemtetea mfamasia huanzia hapo: kama aliipata, kosa liko wapi? Anayempinga naye anauliza: je, asingekuwa na gari?

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atakiona kisa hiki kigeni kidogo. Kwetu mtu anaingia duka la dawa, anataja P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kwa sauti ya chini, analipa, anaondoka. Anachokiogopa ni macho ya waliosimama nyuma yake, sheria haimjii hata akilini. Kule Marekani sheria imekaa pale pale kaunta, tena si moja. Serikali ya shirikisho, kupitia mamlaka yake ya chakula na dawa, FDA, ndiyo huamua kama dawa inauzwa kwa cheti au bila cheti. Leseni ya mfamasia, hata hivyo, hutolewa na jimbo, na jimbo ndilo linalosema ni nani anaweza kutoa dawa na ni nani anaruhusiwa kuikatalia. Ukivuka mpaka wa jimbo, haki yako mbele ya kaunta ile ile inaweza kubadilika.

Mwanzoni majimbo yaliitumia nguvu hii kufungua mlango. Plan B, yenye levonorgestrel, dawa ile ile iliyomo kwenye P2, iliidhinishwa 1999 kwa cheti cha daktari peke yake. Dawa hii hufaa zaidi inapowahiwa, ikiwezekana ndani ya saa 72, na kondomu haichagui kupasuka siku ya kazi. Jimbo la Washington lilikuwa limeshaanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuwaruhusu wafamasia waliofanya makubaliano maalumu na madaktari watoe vidonge vya dharura moja kwa moja. California ikafuata kwa sheria ya 2001, kisha Alaska, Hawaii, New Mexico, Maine na mengine machache. Mfamasia akageuka kutoka mtu wa kusoma cheti hadi mtu wa kuamua. Wengi waliofurahia mabadiliko hayo hawakuona kwamba mtu aliyepewa uwezo wa kuamua amepewa pia uwezo wa kusema hapana.

Siasa za FDA zenyewe nitazipitia haraka, maana ni ndefu na zinachosha. Mwaka 2006 Plan B iliruhusiwa bila cheti kwa wenye miaka 18 na kuendelea. Mwaka 2009 jaji wa shirikisho, Edward Korman, aliagiza umri ushushwe hadi 17. Mwaka 2011 FDA ilitaka kuondoa kikomo cha umri, waziri wa afya Kathleen Sebelius akaizuia. Juni 2013, baada ya amri nyingine ya Korman, kikomo kikaondoka. Tangu hapo Plan B One-Step inaweza kukaa rafuni karibu na dawa za mafua, ingawa maduka mengi huifungia kwenye kasha la plastiki kama vile ni saa ya dhahabu.

Mtu anaweza kusema basi, sheria za majimbo zimepitwa na wakati. Zingepitwa kama dawa zote zingekuwa rafuni. Ella, iliyoidhinishwa 2010, bado inahitaji cheti, na ndiyo inayobaki na nguvu zaidi siku ya nne na ya tano. Hata levonorgestrel, ukitaka bima ikulipie, mara nyingi lazima uwe na cheti, na penye cheti pana mfamasia.

Sasa tuje kwenye kukataa. South Dakota ilitunga sheria 1998 kumlinda mfamasia anayekataa kutoa dawa anayoamini itatumika kutoa mimba. Mississippi ilipitisha 2004 sheria pana zaidi, inayowalinda watoa huduma za afya wa kila aina wanapokataa kwa sababu ya dhamiri. Arkansas na Georgia nazo zina ulinzi wa namna hiyo. Upande wa pili, Aprili 2005 gavana Rod Blagojevich wa Illinois alitoa kanuni ya dharura kwamba duka linalouza dawa za kuzuia mimba litoe bila kuchelewesha. New Jersey ilitunga sheria kama hiyo 2007. Massachusetts, 2006, baraza la ufamasia liliiagiza Walmart, kampuni ya maduka makubwa, iweke vidonge vya dharura kwenye maduka yake, na wiki chache baadaye kampuni hiyo ikatangaza itaviweka nchi nzima.

Kanuni ya Illinois haikudumu. Wafamasia walikwenda mahakamani, na 2012 mahakama ya rufaa ya jimbo ikakubali kwamba sheria ya Illinois yenyewe ya kulinda dhamiri za watoa huduma iliwakinga. Gavana alikuwa ameandika kanuni bila kuangalia vizuri kilichokwisha kuandikwa na bunge lake. Amri ya haraka inayofurahisha magazeti si lazima ifurahishe mahakama.

Washington ilijaribu kwa utulivu zaidi, na kwa maoni yangu kwa akili zaidi. Kanuni zake za 2007 zilimtenganisha mfamasia na duka. Mfamasia mwenye pingamizi la kidini anaweza kujiweka kando, ilimradi yupo mwingine wa kumhudumia mteja kwa wakati, hata kwa simu. Duka lenyewe haliwezi kukataa kwa sababu ya dini, wala kumwambia mteja aende kwingine. Familia ya Stormans, yenye duka la Ralph's Thriftway mjini Olympia, ilishtaki. Jaji Ronald Leighton aliipa ushindi 2012. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaupindua Julai 2015. Juni 2016 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi, na jaji Samuel Alito, akiungwa mkono na jaji mkuu John Roberts na jaji Clarence Thomas, akaandika upinzani mkali dhidi ya uamuzi huo.

Upinzani ule unastahili kusomwa hata na asiyekubaliana nao. Ndani ya maili tano kutoka Ralph's kulikuwa na maduka zaidi ya 30 yaliyouza vidonge vile, na hakuna mteja wa familia ile aliyeonyeshwa kuwa alivikosa. Halafu duka la dawa la Washington huruhusiwa kutoweka dawa fulani kwa sababu kadha wa kadha za kibiashara: haina wateja, inahitaji vifaa maalumu, bima inalipa kidogo. Kama sababu ya faida inakubalika, Alito aliuliza kwa maana hiyo, kwa nini sababu ya dini ndiyo ikataliwe? Sijaona jibu la kunitosheleza kabisa kwa swali hilo. Wanaojibu kwamba dini haina nafasi kwenye kaunta wanasahau kwamba biashara nayo hunyima watu dawa kila siku, bila mtu kumpeleka mwenye duka mahakamani.

Ila hoja hiyo imesimama juu ya ramani ya Olympia. Ihamishie McGregor uone inavyoyumba. Maduka 30 ya jirani yanageuka kilomita 80 za theluji. Sheria ya jimbo haiandikwi kwa ajili ya mtaa mmoja, na sheria inayompa kila duka ruhusa ya kukataa humgusa kidogo mwenye maduka mengi, humwangukia mwenye duka moja. Ndiyo maana naona Washington ilishika pale panapostahili. Dhamiri ni ya mtu, na mtu anaweza kupishwa na mwenzake. Leseni ya duka ni kibali cha umma chenye wajibu wake.

Kuna mpaka mmoja ambao hata watetezi wengi wa dhamiri huukubali. Mwaka 2002, Wisconsin, mfamasia mmoja alikataa kutoa vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango, halafu akakataa pia kuhamisha cheti kwenda duka lingine. Baraza la ufamasia la jimbo lilimwadhibu. Kujiweka kando na kumfungia mwenzako njia ni mambo mawili, na la pili halihitaji falsafa nyingi.

Utengano wa Washington, hata hivyo, una shimo, na silifichi. Duka dogo la mji mdogo mara nyingi lina mfamasia mmoja, na mara nyingi huyo huyo ndiye mwenye duka. Kumwambia ajiweke kando ni kumwambia afunge au aajiri mtu ambaye hana fedha za kumlipa. Akifunga, mji mzima unabaki bila insulini. Mtu wa mjini anayedai wafamasia wote wenye pingamizi wabadilishe kazi hajawahi kuishi penye duka moja la dawa.

Pingamizi lenyewe nalo limekuwa likibadilika chini ya miguu ya wenye nalo. Kwa miaka mingi kijikaratasi cha Plan B kilisema huenda dawa hiyo inazuia yai lililorutubishwa lisijishikize kwenye mji wa mimba. Kwa anayeamini uhai huanza yai linaporutubishwa, sentensi hiyo ilikuwa kila kitu. Desemba 2022 FDA iliiondoa: dawa inafanya kazi kwa kuzuia au kuchelewesha yai kutoka, na haiathiri mimba iliyokwisha kujishikiza. Anayeikatalia levonorgestrel kwa hoja ya kutoa mimba amebaki na imani yake, sayansi imemwacha. Kwa ella mambo hayajanyooka hivyo. Maelezo yake bado yanataja uwezekano wa kuathiri ukuta wa mji wa mimba, kwa hiyo mfamasia wa McGregor angeweza kunyoosha kidole kwenye karatasi rasmi. Wanaomcheka kwamba hajui kusoma hawajaisoma wao.

Na McGregor je? Mwanamke yule aliwashtaki mfamasia na duka. Agosti 2022, juri, yaani raia wa kawaida walioteuliwa kuamua, lilisema mwanamke yule hakubaguliwa kwa jinsia yake, kisha likasema maumivu aliyopata yanastahili dola 25,000. Hukumu ya watu waliokuwa na huruma pande zote mbili, na kwa sheria haikukaa vizuri. Machi 2024 mahakama ya rufaa ya Minnesota iliona juri lilipewa maelekezo yasiyo sahihi, kwamba duka kukataa dawa halali ya dharura kwa sababu inaweza kuingilia mimba kunaweza kuwa ubaguzi wa kijinsia chini ya sheria ya haki za binadamu ya jimbo, na ikaagiza kesi isikilizwe upya. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu ile safari ya Brainerd, kwa dawa ambayo muda wake wa kufanya kazi ni siku tano.